Hesabu Mama, Usihesabu Miche: Mwongozo Kamili wa Kuotesha Mpingo Dar es Salaam Bila Kupoteza Anuwai ya Vinasaba Vyake

Miaka kadhaa iliyopita bwana miti mmoja mstaafu alipita nyumbani kwangu Mbezi. Nyuma ya nyumba nilikuwa na miche 600 ya mpingo katika viriba, imesimama vizuri, majani yanang'aa. Aliizunguka taratibu, akainama, akashika mmoja, kisha akaniuliza: "Mama zao wangapi?"

Nikamwambia mmoja. Mbegu zote nilizikusanya chini ya mpingo mmoja mkubwa ulioko shambani kwa shemeji yangu, Kisarawe.

"Basi mwanangu," akasema, "hapa una familia moja."

Nilichukua muda kuelewa uzito wa neno lile. Watoto wa mama mmoja, hata kama kila mmoja ana baba yake, wanabeba nusu ya urithi kutoka kwa mtu yuleyule. Wataalamu wa vinasaba wana hesabu yake: uoteshe miche 600, uoteshe 10,000, kwa anuwai ya vinasaba kundi hilo halizidi uzito wa miti minne isiyo na undugu. Nilikuwa najivunia msitu, kumbe nilikuwa na miti minne.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye Dar es Salaam mwenye uwanja, kitalu cha kando ya barabara, shamba Kigamboni au Kisarawe, au shule yenye eneo, ambaye anataka mpingo anaouotesha uwe na maana miaka 80 ijayo. Kuotesha mpingo si kazi ngumu sana. Kuotesha mpingo wenye anuwai ndiyo kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mbegu haijagusa udongo.

Kwanza, tujue tunalinda nini

Pita Mwenge kwenye vinyago uone vumbi jeusi miguuni mwa mafundi. Mti ule unaotoa kiini cheusi kinachozama majini ndio huohuo unaotengenezewa zumari za Ulaya, klarineti na oboe. Hukua polepole mno: kufikia unene wa kuvunwa huchukua miaka 70 hadi 100, pengine zaidi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka kwenye kundi la spishi zinazokaribia kutishiwa kutoweka, na tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Lakini hatari ya mpingo haiko katika idadi peke yake. Kwa vizazi kadhaa wavunaji wamekuwa wakikata ile iliyonyooka, minene, isiyo na uwazi ndani. Inayoachwa kuzaa ni iliyopinda na yenye mapango. Msitu ukiutazama kutoka barabarani unaona bado upo, ilhali urithi wake umechujwa kinyume. Jambo jingine ni kwamba msitu unaokatwakatwa na mashamba na mkaa hubaki vikundi vidogovidogo vilivyotengana, na katika kikundi kidogo miti huishia kuzaana ndugu kwa ndugu. Mbegu za uzao wa namna hiyo mara nyingi huwa chache na miche yake dhaifu. Kundi lenye anuwai ndogo likipatwa na ugonjwa mpya au ukame usio wa kawaida, linaanguka lote kwa pamoja, kwa kuwa udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote.

Fikiria hesabu hii, maana ndiyo itakayokupa nguvu ya kutembea juani. Tuseme kuna umbo adimu la kinasaba fulani, labda linalousaidia mti kuvumilia kiangazi kirefu, na msituni linapatikana katika nakala 5 kati ya kila 100. Kila mti hubeba nakala mbili. Ukivuna kwa miti mama 5, una nakala 10, na nafasi ya kulikosa umbo lile kabisa ni karibu 60 kwa 100. Kwa miti 10, nafasi hiyo ni karibu 36 kwa 100. Kwa miti 30 inashuka chini ya 5. Chavua ya akina baba huongeza kidogo juu ya hapo, lakini usiitegemee. Thelathini ndiyo namba ya kushika. Ukiweza 50, ni bora zaidi.

Hatua ya 1: Ruhusa

Msitu wa hifadhi wa serikali uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Msitu wa kijiji una wenyewe: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavitambua vijiji kuwa wamiliki wa misitu yao ya hifadhi, na kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo inayokupa au kukunyima njia. Kuokota mbegu kunaonekana jambo dogo kiasi kwamba watu wengi huingia tu. Usifanye hivyo. Nenda ofisi ya kijiji, jitambulishe, toa shikamoo kwa wazee, eleza unataka nini na utachukua kiasi gani. Zaidi ya adabu kuna faida: hakuna ramani inayojua ilipo mipingo kama anavyojua mzee anayerina asali humo. Mimi nusu ya miti mama yangu nilionyeshwa na mrina asali mmoja wa Rufiji, ambaye aliijua kwa nyuki.

Ukifika Kilwa utakuta vijiji ambavyo tayari vinausimamia mpingo wao kwa umakini. Mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Huko utajifunza mengi kuliko utakayofundisha.

Kama huna uwezo wa kusafiri, ulizia mbegu kwa kituo cha mbegu za miti cha Morogoro kilicho chini ya TFS. Ila uliza mambo mawili kabla ya kulipa: zimetoka eneo gani, na kwa miti mama mingapi? Muuzaji wa mbegu makini hatashangaa swali hilo.

Hatua ya 2: Kuchagua eneo na miti mama

Eneo kwanza. Mpingo una makazi mapana, kutoka pwani yenye unyevu hadi Dodoma kwenye ukame, na kila kundi limezoea kwao. Kwa kupanda Dar es Salaam na Pwani, chukua mbegu za Pwani au Lindi. Mbegu za bara kavu zinaweza kuota hapa na zikapendeza mwanzoni, lakini unakuwa umeleta mgeni ambaye chavua yake itaingia katika mipingo ya jirani. Mimi sichanganyi kanda bila ushauri wa mtaalamu.

Sasa miti mama. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa macho. Mpingo huchipua kutoka kwenye mizizi. Mti ukikatwa au kuungua, mizizi yake hutoa machipukizi hatua kadhaa kutoka kwenye kisiki, nayo yakikua unaona kijisitu cha mipingo minane, kumi. Utafurahi, utavuna kwa yote kumi, utaandika "miti mama 10". Kumbe ni mti mmoja wenye mashina kumi. Kivinasaba ni nakala tupu.

Dawa yake ni umbali. Kutoka mti mama mmoja hadi mwingine acha si chini ya mita 50. Mita 100 ni salama zaidi. Umbali huo pia unapunguza uwezekano wa kuvuna kwa ndugu walioota chini ya mama mmoja, maana ganda la mpingo ni jepesi kama karatasi na upepo huliangusha mengi karibu na nyumbani. Hesabu hatua zako, au tumia simu kuweka alama ya mahali pa kila mti.

Uchague mti upi? Ukiwa unatafuta mbao, ungechagua iliyonyooka. Kwa uhifadhi, chukua kila unaokutana nao katika njia yako ilimradi una afya na mbegu za kutosha: mrefu, mfupi, ulionyooka, uliopinda. Mpingo mwingi uliopinda ulipindishwa na moto wa nyika utotoni, wala si urithi. Na hata kama ni urithi, mti huohuo unaweza kuwa umebeba kinga ambayo iliyonyooka haina. Sisi hatujui ni kinasaba kipi kitahitajika mwaka 2090, kwa hiyo hatuna haki ya kuchagua kwa macho.

Epuka mti ulio peke yake kabisa katikati ya shamba, kilomita nyingi kutoka kwa wenzake. Maua meupe madogo ya mpingo huchavushwa na nyuki, na nyuki akikosa mti wa pili hurudisha chavua kwa mti uleule. Ndivyo ulivyokuwa mti wa shemeji yangu.

Hatua ya 3: Kuvuna na kuandika

Kwa Pwani na Lindi mimi huanza kuchungulia Juni, masika yakishakauka. Mpingo hupukutisha majani kiangazi, na maganda ya kahawia hubaki yakining'inia, hivyo ni rahisi kuyaona kwa mbali. Ganda la mpingo halipasuki lenyewe. Limekomaa likiwa kavu, linachakarika mkononi, na ukilishika juani unaona mbegu moja au mbili ndani kama kivuli. Papasa: mengi huwa matupu au yametobolewa na wadudu. Kata maganda ishirini ya kila mti kabla ya kuanza, ujue yana nini.

Vaa mikono mirefu na viatu vizito, mpingo una miiba ya kweli. Tandika turubai chini, vuta matawi kwa ndoana ndefu, tikisa. Usikate tawi. Chukua pande zote za mti, juu na chini, kwa sababu maua ya pande tofauti yanaweza kuwa yamechavushwa na baba tofauti. Usizidishe sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoko mtini. Zilizobaki ni za msitu.

Kila mti na mfuko wake wa karatasi au kitambaa. Narudia: kila mti na mfuko wake. Ukimwaga mbegu za miti 30 katika gunia moja umepoteza uwezo wa kujua lolote baadaye, na mti mmoja uliozaa sana utawameza wengine wote. Ndani ya mfuko weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika kwa unyevu. Andika namba ya mama, kijiji, alama ya mahali, tarehe, unene wa shina, na kama kuna mipingo mingine karibu.

Hatua ya 4: Kukausha na kutunza

Joto la Dar pamoja na unyevu wa bahari huharibu mbegu haraka kuliko watu wanavyodhani. Tandaza maganda kivulini penye hewa, siku kadhaa, yakiwa bado yametenganishwa kwa mama. Yafikiche kwa mkono utoe mbegu, pepeta kwenye ungo. Tupa zilizotobolewa.

Kama unasia ndani ya wiki chache, mfuko wa karatasi mahali pakavu unatosha. Kama unaweka hadi mwaka ujao, tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chini weka vipande vya mkaa uliokaushwa vizuri juani na kufungwa katika kitambaa ili vinyonye unyevu, kisha weka chupa kwenye jokofu sehemu ya chini, si kwenye barafu. Mbegu ya mpingo iliyokauka vizuri huvumilia kutunzwa. Iliyo na unyevu huoza au huliwa na fukusi.

Hatua ya 5: Kitaluni

Sia Agosti au Septemba ili miche iwe tayari kwa masika ya Machi. Loweka mbegu katika maji ya kawaida usiku mzima. Udongo: sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Ongeza konzi za udongo uliochukuliwa chini ya mpingo unaostawi. Mpingo ni wa jamii ya kunde, mizizi yake hujenga vinundu pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni, na udongo ule ndio unaowaleta. Tumia kiriba kirefu, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka haraka. Fukia mbegu kina kisichozidi sentimita moja, weka kivuli chepesi, mwagilia bila kuloweka.

Wa Kigamboni na Mbagala, onjeni maji ya kisima kabla. Maji ya chumvi yaliniunguzia ncha za majani ya kundi zima nilipokuwa nikisaidia kitalu cha jirani. Kinga maji ya mvua za vuli kadiri unavyoweza.

Miche huanza kuchomoza baada ya siku kumi hivi na huendelea kwa wiki mbili tatu. Hapa kuna mtego mwingine wa vinasaba, na huu umejificha ndani ya bidii ya mkulima. Kila mwenye kitalu hupenda miche ya mbele: iliyowahi kuota, iliyorefuka. Ile ya nyuma huing'oa. Ukifanya hivyo umechagua kwa kigezo kimoja tu, haraka ya kuota chini ya bomba lako, kigezo ambacho msituni huenda ni hasara. Mbegu zinazochelewa kuota zina maana yake: mvua ya kwanza ikidanganya, wanaosalia ni wao. Ng'oa mche uliooza au uliolemaa tu. Uliochelewa mpe muda.

Na usawa: panga idadi moja kwa kila mama. Ukitaka miche 300 kutoka kwa mama 30, ni kumi kwa kila mmoja. Mama namba 4 akiota 80, chukua kumi, iliyobaki gawa kwa wanaotaka mti wa kivuli. Itauma. Lakini ukiacha 80 za mama mmoja zikae na tatu za mwingine, umerudi kwenye miche yangu 600.

Kila baada ya wiki tatu inua viriba na ukate mizizi iliyotokeza chini. Mwezi wa mwisho ondoa kivuli na punguza maji, miche ijifunze jua.

Hatua ya 6: Kuchanganya familia

Hadi hapa umetenganisha. Sasa unachanganya, kwa mpangilio. Weka familia zako katika mistari, kila mama na mstari wake. Unapoandaa miche ya kupeleka shule moja au shamba moja, tembea kwa upana: mmoja kutoka kila mstari, kisha rudia. Usiinue mstari mzima kwa kuwa uko karibu na geti. Kosa hili nimeliona kwenye ugawaji mwingi wa miche jijini, na gari likiondoka hakuna anayejua kwamba lile lori lote lilikuwa na ndugu.

Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huko Goba ana nafasi ya mpingo mmoja, basi. Mti mmoja hauhifadhi vinasaba, ni kweli. Ila nyuki wa asali hupita kilomita moja bila shida, kwa hiyo majirani ishirini katika mtaa mmoja, kila mmoja akiwa na mche wa mama tofauti, wana kundi linalochavushana. Mimi napenda zaidi mpango huu kuliko kumpa mtu mmoja miche ishirini. Kaeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, gaweni kwa namba, kila nyumba ijue namba ya mti wake.

Hatua ya 7: Kupanda na miaka mitatu ya mwanzo

Panda masika yakishika, si mvua ya kwanza. Shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu urudi chini pamoja na samadi. Kwenye shamba acha mita 4 hadi 5 kati ya miche, na usiweke ndugu wawili wakipakana. Mpingo unataka jua wazi. Chini ya mwembe utadumaa. Usiupande kando ya njia wanapopita watoto, kwa ajili ya miiba.

Adui mkubwa wa mwanzo ni magugu. Palilia kipenyo cha mita moja kuzunguka kila mche, mara tatu au nne kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Fyeka njia ya kuzuia moto ikiwa uko Kisarawe au Mkuranga. Kiangazi cha kwanza mche unaweza kukauka juu ukadhani umekufa. Usiung'oe. Mpingo mchanga hujificha mizizini na kuchipua mvua zikirudi. Subiri masika mawili kabla ya kuandika "umekufa".

Siku ya kupunguza miti iliyobanana ikifika, punguza ndani ya familia: mama mwenye watoto wanane abaki na watano, mwenye wawili asiguswe.

Daftari

Daftari lina safu sita: namba ya mama, mahali alipo, mbegu zilizosiwa, miche iliyoota, ilikokwenda, iliyo hai kila mwaka. Piga picha kila ukurasa, maana karatasi zetu huliwa na mchwa. Shamba lenye rekodi hii linaweza siku moja kuwa chanzo cha mbegu. Lisilo na rekodi litakuwa miti tu, na mjukuu wako atakapotaka kuvuna mbegu humo itabidi aanze upya.

Daftari langu sasa lina mama 34, wa Rufiji na Kilwa. Mama namba 17, aliye nyuma ya mizinga ya yule mrina asali, hajatoa mche hata mmoja. Wadudu walitoboa mbegu zote. Mbele ya jina lake kuna nafasi tupu. Juni narudi kwake na turubai.